Ng'amba Aliyenikosea Heshima

Jumapili, 2 Novemba

Nimedhulumiwa! Yule kasa aina ya ng'amba aliyeletwa na walinzi wa pwani, pezi limekatwa na wavu, nani alimshusha kwenye gari? Mimi. Nani anasugua tangi lake hadi kiuno kinakataa kunyooka? Mimi, Silvesta, mtu wa usafi wa kwanza kabisa katika hospitali hii ya wanyama. Leo Daktari Phoebe ametangaza kwamba akipona atarudishwa baharini mbele ya kamera za televisheni, na atakayembeba ni Warda. Warda! Mzanzibari aliyeajiriwa juzi tu kulisha wanyama! Sababu? Eti ng'amba hali ila kwa mkono wake. Hata jina amempa yeye, Bibiye, bila kikao. Na mimi nimeshamwambia mama mkwe kule Kitale kuwa daktari wa kasa wa Doha nzima ni mimi. Alikuwa ameanza kuniheshimu. Hili halipiti.

Jumanne, 4 Novemba

Nimegundua siri. Bibiye hamjui Warda, anajua glavu zake za zambarau. Warda alipoenda kuswali adhuhuri, nikazivaa. Nikashika ngisi mnono. Nikaiga hata sauti: njoo mwanangu, njoo ule. Bibiye akanitazama kama afisa wa uhamiaji anavyotazama viza iliyokwisha. Kisha akauma. Si ngisi. Mimi! Nikavuta mkono, glavu ikakatika, kidole gumba cha glavu kikashuka kooni mwake. Gumba langu limevimba kama kiazi. Sijamwambia mtu. Glavu za siku hizi ni hafifu mno. Mwenye kosa ni kiwanda.

Jumatano, 12 Novemba

Bibiye hali kabisa. Anaelea kiupandeupande kama sufuria tupu. Eksirei inaonyesha gesi tu tumboni. Daktari Phoebe anasema akiendelea hivi atatufia. Warda amekaa ukingoni mwa tangi tangu asubuhi, ngisi mkononi, analia bila sauti. Nikamwonya kwamba machozi yana chumvi na chumvi ya maji nimeshaipima. Akasema, “Kaka Silvesta, leo utani sina.” Sikuwa natania!

Mchana nikaacha chakula changu sahanini. Nikaenda kwa Daktari. Nikamweleza kuwa, kwa utaalamu wangu, huenda mnyama amemeza kipande cha mpira. Tuseme, kidole gumba cha glavu.

Daktari akauliza, “Silvesta, umejuaje ni gumba?”

Nikasema ni kipaji. Akatazama bandeji yangu. Maneno aliyonipa siyaandiki hapa, karatasi hii haijanikosea. Hakunifukuza, lakini Warda ameambiwa kila kitu. Daktari mzima, umbea!

Jumamosi, 22 Novemba

Mafuta na dawa alivyonyweshwa Bibiye vimefanya kazi. Kile kidole cha glavu kimetoka! Nani amekiona akisafisha tangi? Mimi. Nikapiga kelele hadi Warda akaja mbio bila viatu. Kwa furaha akanishika mkono, kisha akakumbuka kuwa hasemi nami, akauachia. Bibiye akazama hadi chini kama zamani, akapanda tena kudai ngisi. Nimefurahi, ila kwa hasira. Hakuna aliyesema asante.

Alhamisi, 4 Desemba

Ufukweni. Kamera, wakubwa, watoto wa shule. Na mimi? Nimepewa mwavuli wa kumkinga Daktari jua! Nikasaga meno. Lakini Bibiye amenenepa na Warda ni mfupi. Hatua chache mchangani, akaanza kuyumba kwa uzito. Nikageuza uso, ajionee.

“Kaka Silvesta,” akaita, “njoo ushike huku nyuma. Taratibu. Bibiye sijui, lakini mimi nimekusamehe.”

Kanisamehe nini? Nikatupa mwavuli hata hivyo. Tukaingia majini pamoja. Tulipomwachia akapiga pezi lile lililokuwa bovu, kwa nguvu zote, mchanga ukanijaa puani na machoni. Akaenda. Kichwa kilitokeza mara moja kule mbali, kikazama. Warda alicheka huku analia. Mimi nilikuwa na mchanga machoni. Ni mchanga tu.

Jumapili, 7 Desemba

Mama mkwe amepiga simu. Ameiona video. Anasema yule daktari mfupi wa kike ni hodari sana, na yule mchukuzi aliyekuwa akipiga chafya nyuma yake ni nani? Mchukuzi!

Si kitu. Leo ameletwa kozi, ndege wa kuwindia wa tajiri mmoja wa Al Wukair, bawa limeteguka. Tajiri ameapa kwamba ndege akipona ataita magazeti yote. Daktari Phoebe amesema asisogelewe na mtu yeyote isipokuwa Warda. Tena! Kwani kozi ni nini? Ni kuku mwenye hasira, na kuku mimi nimefuga tangu utoto. Nimeshampigia mama mkwe, nimemwarifu kuwa nimepandishwa cheo, sasa ni bingwa wa ndege. Kesho asubuhi, Warda akiwa bado kwenye basi la kampuni, nitamfungua yule ndege kamba kidogo tu, anizoee.