Lifti ya Kilomita Elfu Thelathini na Sita

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata wazo la maisha! Lifti ya kwenda angani. Kebo moja tu, kilomita elfu thelathini na sita na ushee, na mzigo mzito kule mwisho. Dunia ikizunguka, kebo inajikaza yenyewe. Miaka kumi na tisa natengeneza lifti; hii nayo ni lifti, ila ina ghorofa nyingi. Mke wangu akauliza ile ya kazini, iliyokwama ghorofa ya nne, itapona lini. Meneja wa jengo amenipa hadi Ijumaa, la sivyo nitafute kazi nyingine. Watu hawana upeo!

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kaja. Mwalimu wa fizikia, mjuaji kupindukia. Eti kebo ya chuma ya urefu huo itakatika kwa uzito wake yenyewe, hata kabla ya kubeba mtu. Nikasema nitatumia nyembamba. Akasema nyembamba itakatika vilevile. Nikasema, basi mbili! Akacheka mpaka akapaliwa na chai. Nilifurahi kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Jaribio! Paa la kazini, mchana kweupe. Kamba, ndoo ya maji, na mimi katikati ndiye dunia. Nikazunguka. Kamba ikanyooka kama rula, wala tone halikumwagika! Shemeji, niliyemwalika ashuhudie, akarudi nyuma hatua mbili. Meneja akatokea kwenye ngazi, anahema, anauliza kulikoni. Nikamwomba asubiri, naongeza kasi. Kishikio kikachomoka. Ndoo ikavuka ukingo, ikatua kwenye gari la meneja. Shemeji akauliza kama pale ndipo abiria wanaposhukia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesimamishwa wiki mbili. Lifti imetengenezwa na mwanafunzi wangu wa zamani kwa dakika kumi na moja. Kumbe fyuzi tu ilikuwa imeungua! Nilitamani ardhi inimeze. Mke wangu hakunigombeza. Aliniwekea chai, akaniita mheshimiwa rubani. Tukacheka hadi machozi.

Jumamosi, 8 Machi
Nakiri, shemeji alisema kweli. Kwenda juu ni taabu tupu. Nimeachana na mambo ya angani kabisa. Mtu mzima hukubali kosa. Asubuhi nimeanza kupima uani shimo la kutokea upande wa pili wa dunia. Halihitaji kebo hata moja: abiria anajiachia tu! Mke wangu ameficha sururu. Nitaazima ya shemeji, nitamwambia napanda mchicha.