Simu Mpya ya Mama wa Juu

Pamba alikuwa chini ya ngazi, kwenye kigoda chake, katikati ya redio zisizosema na pasi zisizopata moto, aliposikia sauti ya mwanamke ikiibembeleza simu.

"Usikate, nakuomba. Ngoja nimalize. Haloo? Haloo? Haya, imekata."

Akaweka bisibisi chini. Kuna watu ambao moyo wao huguswa wakisikia mtoto analia. Moyo wa Pamba uliguswa pale kifaa cha umeme kilipomsumbua mtu mwenye uwezo wa kununua kingine.

Watu wa jumba lile walimwita Pamba kwa sababu ya sauti yake, laini hata ungeweza kuilalia. Walimwita pia fundi, na ni kweli kwamba bisibisi alikuwa nayo, ila ufundi wake hasa ulikuwa mdomoni. Hakupata kumwambia mteja uongo mkubwa mmoja pale ambapo mdogo mara mbili ungetosha. Mashati yake yalinyooka kila asubuhi, kwa pasi ya mteja fulani ambayo bado ilikuwa inasubiri kipuri.

Kwa wakati ule alikuwa na hamu moja tu, nayo ilimnyima usingizi. Muuza viatu alikuwa amehama chumba cha mbele, kile chenye mlango wa kioo unaotazama barabara. Pamba alikitaka chumba kile kama mgonjwa anavyotaka nafuu. Pale chini ya ngazi, mtu akimwaga maji juu, wa kwanza kujua alikuwa yeye. Kilichopungua ni kodi ya kuanzia, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kukopesha hata salamu.

Akachomekea shati vizuri, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kabla sijakuita."

"Nimesikia simu inakutesa, roho ikaniuma."

Mama wa Juu alikuwa mjane mwenye maneno machache na macho mengi. Akampa simu. Ilikuwa ile isiyo na waya: mkonga wa kutembea nao, na kitako cha kuulaza uchajiwe, kimefungwa ukutani kwa skrubu. Kila nyumba katika jumba lile ilikuwa na simu ya aina hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo. Mwenye nyumba alizinunua kwa mkupuo siku moja, na kwa kuwa zilizaliwa siku moja, zilianza kuugua pamoja.

Pamba akaugeuza mkonga, akaugonga kwa kucha, akautia sikioni, kisha akaunusa.

"Mbona unanusa?" akauliza Mama.

"Nasikilizia kama umeungua ndani. Umeungua kidogo. Sasa Mama, mimi kazi yangu ni kueleza. Kuamua ni kwako. Kuna kutengeneza na kuna kubadilisha. Kutengeneza kunawezekana kabisa, ila kipuri chake kinaagizwa kwa meli, na kikifika huenda kikawa cha rangi nyingine."

"Si kinakaa ndani? Nani atakiona?"

"Simu yenyewe itakiona, Mama."

Mama akamtazama. Pamba akaendelea upesi.

"Kubadilisha ni mkonga tu. Kitako chako hakina neno, kibaki hapo hapo. Nakuletea mkonga mpya, unaongea mpaka uchoke wewe. Na bei yake iko chini ya matengenezo. Lakini mimi sishauri."

Hapo ndipo palipokuwa na ujuzi wake wote. Hakumsukuma mtu. Alimwekea mteja njia mbili, moja ina shimo na nyingine ina yeye, kisha akamwachia uhuru wake.

"Binti yangu yuko mwezi wake," akasema Mama wa Juu. "Yuko mbali. Akijifungua watanipigia, na sitaki simu inikatikie mkononi kabla sijajua kama ni wa kike au wa kiume."

"Mungu atajalia, Mama."

"Atajalia. Wewe lete simu."

Akafungua kopo la bati juu ya kabati. Zilikuwa pesa za nauli, alizoweka akiba ili akamwone mjukuu. Alizitoa taratibu, na Pamba akazipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote za mtu aliyelelewa vizuri.

Ugonjwa wenyewe aliujua kabla hajaushika ule mkonga. Betri mbili ndogo zilikuwa zimechoka, na mpya ziliuzwa mtaa wa pili kwa bei ya kikombe cha chai. Akashuka ghorofa ya pili kwa Mzee Pindo, mshona nguo, ambaye simu yake ilikuwa na homa hiyo hiyo, akanusa na kule. Mzee Pindo naye akaamua kubadilisha, kwa hiari yake mwenyewe.

Chini ya ngazi Pamba akatia betri mpya mikonga yote miwili, akaisugua kwa dawa ya meno, akaifunika kwa nailoni inayong'aa. Kisha akafanya jambo lililompa fahari kuliko yote. Mtu huijua simu yake kama anavyomjua mwanawe: kovu hapa, doa pale. Ukimrudishia yake ataitambua hata ukiivika shela. Basi akampa Mama wa Juu mkonga wa Mzee Pindo, na Mzee Pindo akapewa wa Mama wa Juu. Kila mmoja akashukuru. Kila mmoja akasema kwa kweli kipya ni kipya. Pamba akaanza kuhesabu milango iliyobaki katika jumba zima.

Kulikuwa na jambo moja tu asilolijua, kwa sababu halikuwa la mdomo bali la simu. Mkonga wa aina ile hausahau kitako chake. Ukiuhamishia ghorofa nyingine utalala kwenye kitako cha ugenini na kula chaji yake, lakini nambari inayoitikia ni ya kwao.

Asubuhi iliyofuata, simu mpya ya Mama wa Juu ikalia.

"Wewe mzee," ikafoka sauti ya mwanamume, "zipu imekwama, na mimi nimo ndani!"

"Pole, mwanangu," akasema Mama. "Jaribu kuipaka sabuni. Lakini umekosea nambari."

Baada yake akaja mwenye kiuno kilichobana, na mwingine ambaye mguu mmoja wa suruali ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Mama akawapa pole wote. Saa ya chai mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Pindo, utepe shingoni, jasho usoni.

"Mama wa Juu, hongera. Umepata mjukuu wa kike. Mama na mtoto wazima."

"Nani kakwambia?"

"Mkweo. Kanipigia mimi. Nilikuwa na pini mdomoni nikawa naguna tu, na yeye analia kwa furaha, ananiita mama. Nilipozitoa nikamwambia mimi ni mwanamume, akasema furaha imenibadilisha sauti."

Mama wa Juu akakaa kitini. Akamshukuru Mungu kwanza, kwa sauti, mpaka mwisho. Halafu akauchukua mkonga, akabandua ile nailoni. Katikati ya vitufe palikuwa na vumbi la buluu.

"Hii si chaki yako?"

Mzee Pindo akausogeza machoni. "Ndiyo yangu! Na hapa ndipo nilipougusisha pasi. Huu ni mkonga wangu! Yaani nimetoa pesa ninunue wa kwako, na wewe ununue wa kwangu?" Akageukia mlango. "Niache nishuke nikamshone ule mdomo. Kwa uzi wa jinzi."

"Kaa chini, kaka yangu. Kwanza nipeleke kwako nikaongee na mwanangu."

Akaongea na binti yake nyumbani kwa Mzee Pindo, amesimama kati ya makoti yasiyo na mikono, na simu haikukata. Alipomaliza akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Habari ile ilikuwa yangu kuisikia kwanza," akasema. "Hiyo hairudi. Lakini tumpe nafasi. Akija mwenyewe akasema, yamekwisha."

"Na asiposema?"

Mama wa Juu akakunja kanga yake.

Kweli Pamba alikuja, siku ya pili yake, shati limenyooka. Kodi ya kuanzia ilikuwa imetimia. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia kwamba Jumamosi asubuhi angepiga simu kutoa jibu la chumba, na kwamba hupiga mara moja tu. Siku hizo simu ya mkononi ilikuwa ya wachache, na Pamba, fundi wa simu, hakuwa na simu.

"Nimekuja kuomba, Mama. Nimpe mwenye nyumba nambari yako, anipigie hapa kwako."

"Nambari yangu? Unaiamini simu yangu?"

"Niliyokuletea kwa mkono wangu? Naiamini kama ninavyojiamini."

"Haina hitilafu yoyote?"

"Hata chembe."

"Hakuna neno unalotaka kuniambia, mwanangu, kabla hujampa?"

Pamba akafikiri. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba alifikiri.

"Hakuna, Mama. Labda asante."

"Basi mpe," akasema Mama wa Juu. "Nambari yangu ni ile ile."

Jumamosi Pamba akafika mapema, akawekwa kiti mbele ya simu. Mama akampa chai, yeye mwenyewe akakaa dirishani na sindano zake, akifuma kofia ndogo ya mtoto. Simu ikalia. Pamba akaiwahi hata chai ikamwagika.

"Haloo, mzee! Ni mimi, nakusikiliza!"

"Unanisikiliza nini? Ile suruali ulinipimia mimi au ndugu yangu?"

"Umekosea nambari."

"Suruali ndiyo imekosewa!"

Pamba akaurudisha mkonga. Ukalia tena. Safari hii alikuwa yule wa zipu, aliyetaka kumshukuru yule mama wa sabuni.

"Mama, hawa ni watu gani?"

"Wananipigia tangu uniletee simu mpya. Nilidhani wamekuja nayo."

Pamba akacheka kidogo, kisha akaacha. Kupitia dirishani ikasikika simu ikilia nyumba ya chini. Ikalia kidogo tu, ikapokelewa, na sauti nzito ya Mzee Pindo ikapanda vizuri kabisa.

"Naam, mzee. Hapana, si yeye, ni mimi mshona nguo wa ghorofa ya pili. Chumba? Nakitaka hata mimi, mzee. Kodi ninayo. Nakuja nayo sasa hivi."

Mlango ukabamizwa. Miguu ikashuka ngazi kwa kasi ambayo Mzee Pindo hakuwa ameitumia tangu ujana wake.

Pamba akatazama mkonga uliokuwa mbele yake. Akatazama dirisha. Mtu anayeishi kwa maneno hupata tabu sana siku maneno yanapomtoroka yote kwa pamoja. Akainuka.

"Kaa," akasema Mama. "Humkuti. Na ukimkuta utamweleza nini mwenye nyumba? Kwamba simu yako ilikuwa kwa Pindo? Imefikaje huko?"

Pamba akakaa.

"Toka lini unajua, Mama?"

"Toka mjukuu wangu alipozaliwa, na kuzaliwa kwake nikatangaziwa na mshona nguo." Sindano zikaendelea kwenda. "Nilikuuliza kama kuna neno. Nilikuuliza kwa njia zote ninazozijua."

"Mama, unajua mambo ya umeme—"

"Sasa sikiliza. Mimi kazi yangu ni kueleza. Kuamua ni kwako. Hicho kijiwe chako cha chini ya ngazi nacho kina hitilafu. Kuna kukitengeneza na kuna kukibadilisha. Kukitengeneza, unaturudishia pesa zetu, yangu na ya Pindo, na kila mkonga unaurudisha kwao, kisha unakaa hapo ukifanya kazi unayoitiwa. Kukibadilisha, unafungasha leo, na mimi nampigia mwenye nyumba anitafutie fundi mwingine pale. Nitampigia kwa simu ya Pindo, inatoa nambari yangu." Akakata uzi kwa meno. "Lakini mimi sishauri."

Pamba akachungulia njia zote mbili. Zote zilikuwa na shimo, na moja ilikuwa na ngazi juu yake. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa ile kodi ya kuanzia, ambayo sasa haikuwa na cha kuanzia, akahesabu sehemu yao juu ya meza.

Mama wa Juu akazihesabu naye. Za kwake akazirudisha ndani ya kopo la bati, za Pindo akazifunga kwenye ncha ya kanga. Halafu akasukuma sarafu chache mbele ya Pamba.

"Za nini hizi?"

"Za betri. Betri ulitia kweli."

Jioni mikonga ilikuwa imelala kwao. Pamba alikuwa kwenye kigoda chake, akiitazama cherehani ya Mzee Pindo ikipitishwa kwenye mlango wa kioo, wabebaji wawili huku na wawili huku, polepole, wasije wakaukwaruza. Ghorofani mtu akamwaga maji. Pamba akawa wa kwanza kujua.

Akiwa anajifuta, akaja mwanamume mmoja akitembea kwa hatua fupi fupi, ameshika mfuko kwa mbele.

"Samahani, kaka. Yule mshona nguo wa hapa amehamia wapi?"

Pamba akafungua mdomo. Akauliza inahusu nini. Yule bwana akasema ni zipu, imefunguka kwa sabuni lakini sasa haifungiki, na kwamba yuko tayari kulipa chochote kwa atakayemsaidia. Pamba akaitazama bisibisi yake. Akatazama juu, kule ngazi zilikokwenda, na ghorofa ya tatu dirisha likafunguliwa.

"Mlango wa kioo," akasema Pamba kwa sauti yake laini. "Mwambie nimekuelekeza mimi."