Mitungi Yangu Haina Nyuso

Jumatatu, 3 Machi

Darasa la jioni la ubunifu wa vitambaa limeanza kunoga. Mwalimu ametupa kazi kubwa: kila mwanafunzi atafute kitambaa kimoja cha nyumbani, achunguze utamaduni, historia na teknolojia vilivyokizaa, halafu abuni chapa yake mwenyewe kutokana na hicho. Ijumaa ya wiki ijayo kuna maonyesho. Atakuja bwana mmoja kutoka kiwanda cha vitambaa kuchagua mbunifu msaidizi.

Nafasi hiyo ni yangu. Lazima iwe yangu, kwa sababu wakwe zangu nilishawaambia ninayo. Na sikusema msaidizi. Nilisema mkuu.

Haikuwa uongo hasa. Baba mkwe aliuliza mezani kama bado nauza mapazia. Akauliza kwa ile sauti yake ya mpima ardhi mstaafu, kama mtu anayesoma mpaka wa kiwanja. Mdomo ukanitangulia. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye ukubwa wa ofisi.

Mpinzani ninaye mmoja tu darasani, binti tunayemwita Mpole. Anaongea taratibu, anachonga penseli zake kwa kisu na habishani na mtu. Watu wa namna hiyo ni hatari sana.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo la kwanza. Kwangu hakuna kitambaa chenye historia. Kila kilichopo nimekitoa dukani kwa bei ya mfanyakazi, na historia yake ni mabaki ya robota.

Nikakumbuka kile kitambaa cha mama mkwe kinachofunika redio. Cheupe, kina mitungi ya bluu, pindo limeanza kufumuka. Nimepita kwake baada ya kazi. Nimemwambia kiwandani kwetu tuna mafundi wa kurekebisha mapindo, akinipa nitamrudishia kama kipya.

Amefurahi kupita kiasi. Amekikunja kwa mikono yote miwili akanikabidhi kama ananipa mtoto. Kisha akasema baba mkwe angependa sana kuja kuiona ofisi yangu. Nikasema milango iko wazi, ila wiki hii wanapaka rangi.

Alhamisi, 6 Machi

Kitambaa ni kisafi mno. Hakuna atakayeamini kwamba kilivaliwa na nyanya wa nyanya yangu akivuka nyika kwa miguu. (Hiyo ndiyo historia nimeichagua. Ina nyika, ina miguu, na hakuna shahidi.)

Kuzeesha kitambaa kunataka ufundi. Nimekiloweka kwenye beseni la chai iliyobaki asubuhi. Mke wangu ametoka kazini kwake kwenye duka la dawa, akaliangalia beseni, akaniangalia mimi, akauliza kama ni kile cha mama yake. Nimemwambia ni utafiti. Akasema siku mama yake atakapouona utafiti huo, yeye hatakuwepo, akaenda kulala.

Matokeo ya kushangaza. Kitambaa kimekataa chai. Kimetoka cheupe vilevile. Kilichobadilika ni uzi wa pindo tu, umekuwa wa kahawia. Nimeona ni sawa. Mzee huanza kuota mvi pembeni.

Jumamosi, 8 Machi

Wasilisho la utafiti.

Nilianza vizuri. Nilieleza nyika. Nilieleza jinsi nyanya wa nyanya yangu alivyokamua rangi ya bluu kwenye maua, na kwamba kila mtungi ni mtoto aliyemzaa. Mwanafunzi mmoja nyuma alifuta machozi. Hata mimi nilianza kumhurumia yule bibi.

Ndipo wakatoka sisimizi. Kwanza mmoja, kwenye mtungi wa katikati. Halafu ukoo mzima, wamejipanga kutoka kwenye pindo hadi kwenye mkono wa Mwalimu aliyekishika. Chai yetu, nimekumbuka wakati huo, huwa tunaitia sukari nyingi.

Nikasema rangi za asili huwavuta wadudu.

Mpole akanyoosha mkono. Kwa upole, kama anaomba maji, akasema amegundua uzi umenywa rangi lakini kitambaa hakijanywa. Uzi huenda ni pamba. Kitambaa chenyewe ni poliesta, ndiyo maana hakishiki chai. Halafu akatuonyesha vidoti vidogo vya rangi vilivyojipanga ukingoni, vile ambavyo mtu wa mashine huvitazama kuhakikisha rangi zinaangukia mahali pake.

Mwalimu akavua miwani. Akauliza kama nyanya wa nyanya yangu alivuka nyika akiisukuma mashine ya kuchapa.

Darasa lilicheka mpaka yule aliyelia akalia tena.

Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake Mwalimu alikitandaza kitambaa mezani, akawapangusa sisimizi, akasema kina hadithi nzuri kuliko niliyoizua. Umbo la mtungi ni la wafinyanzi, wameliboresha vizazi na vizazi ili maji yapoe na shingo isimwage. Kisha zikaja ndoo za plastiki, mitungi ikatoka majumbani. Kisha zikaja mashine za kuchapa kitambaa kirefu kwa bei ya chini, na watu wakainunua mitungi ya bluu wakaiweka juu ya redio.

"Watu walianza kuichora mitungi kwenye vitambaa pale walipoacha kuteka maji kwa mitungi," alisema. "Huo ndio utafiti. Ulikuwa nao mkononi, ukaumwagia chai."

Sentensi nzuri sana hiyo ya mitungi. Nimeinakili. Nitaitumia kama yangu.

Utafiti nimepata alama za huruma. Lakini chapa bado. Bwana wa kiwandani haji kusoma utafiti, anakuja kuona kitambaa.

Jumapili, 9 Machi

Nimechora siku nzima. Mtungi mmoja, mweupe, juu ya bluu nzito. Shingo nyembamba, tumbo la heshima, mdomo uliopinduka kidogo. Nimefuta na kuchora mpaka karatasi ikatoboka, nikaanza upya. Nimeutundika ukutani, nikarudi nyuma hadi jikoni, nikautazama nikiwa nimefumba jicho moja.

Mke wangu amesema ni mzuri. Amesema kweli, bila kucheka, mkono wake begani kwangu. Nusura nimwambie kwamba naogopa. Nikamwambia ofisi ya kiwandani huenda ikawa na feni mbili.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya karakana. Tumechapa kwa fremu ya wavu: unaweka fremu juu ya kitambaa, unamimina rangi, unaiburuta kwa mpira, unanyanyua, unasogea, unaanza tena. Nimepata mkono mzuri. Mtungi, mtungi, mtungi, imebanana bega kwa bega kama askari.

Mpole alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu. Akauliza kama nimeiangalia nafasi kati ya mitungi. Nikamwambia nafasi ni nafasi. Akasema michoro ikisogeleana, kile kilichobaki katikati nacho huwa mchoro, na pengine niiachanishe kidogo au niipindue mmoja juu mmoja chini. Akajitolea kunisaidia.

Nimeelewa mara moja. Ameona mitungi yangu imesimama imara, sasa anataka niipindue maji yamwagike. Nikamshukuru, nikaisogeza karibu zaidi.

Nyumbani, habari mbaya. Mama mkwe amesikia kuna maonyesho. Amesikia kutoka kwa nani sijui, mke wangu anakunja nguo na hanitazami. Wanakuja wote wawili. Baba mkwe ameshapiga pasi koti.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwani hakuna mpangilio.

Vitambaa vilitundikwa kutoka darini hadi sakafuni. Cha Mpole kilikuwa na mistari ya njia za mchwa, aliyoitoa kwenye shuka la mama yake mdogo lenye viraka. Ukikisogelea unaona mshono, ukiwa mbali unaona shamba. Sikutaka kukitazama, nikajikuta nimekitazama.

Changu kilikuwa katikati ya ukumbi. Watu walijaa mbele yake. Nikasikia minong'ono, nikajua ushindi huo. Halafu nikasikia kicheko. Yule bwana wa kiwandani alikuwa ameshika mbavu. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kuona ukoo mzima wa wazee wanaonuniana.

Wazee gani? Nilitazama. Mitungi. Nikatazama tena. Mwalimu akanishika mabega akanisogeza nyuma, akaniambia niache nyeupe, nitazame bluu.

Jamani. Kati ya kila mtungi na mwenzake kulikuwa na nyuso mbili, zimegeuziana visogo. Shingo ya mtungi imekuwa pua. Pua ndefu, yenye kona. Chini yake mdomo uliobana, na kidevu cha mtu asiyeamini unachomwambia. Ukuta mzima, kutoka darini hadi sakafuni, nyuso za baba mkwe.

Na baba mkwe mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, kwa ubavu, na koti lake la pasi. Watu walikuwa wanamtazama yeye, kisha kitambaa, kisha yeye.

Nilitafuta mlango. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Mzee alikisogelea kitambaa hatua mbili. Alipozungumza sauti ilikuwa nyingine kabisa, sijawahi kuisikia.

"Hii si pua yangu," alisema. "Hii ni ya baba yangu. Hatukubaki na picha yake hata moja." Akagusa bluu kwa kidole kimoja. "Umempata wapi?"

Mtu mwingine angesema sijui. Mimi nikasema nimekuwa nikimtafuta kwa muda mrefu kwenye sura ya mzee wangu, kila tunapokula. Mama mkwe akajifuta macho kwa mkoba. Nilianza kujifuta na mimi.

Hapo ingetosha. Lakini bwana wa kiwandani akatangaza kwamba nafasi ya mbunifu msaidizi ameipata Mpole, na baba mkwe akanigeukia kwa fahari akauliza kama huyu binti sasa atakuwa chini yangu.

Nikasema ndiyo, ila nitamlea kama mdogo wangu.

Mpole alinitazama. Nadhani alinionea huruma, maana aliinamisha kichwa kabla ya kusema. "Shikamoo mzee," alimwambia baba mkwe. "Huyu kaka anauza mapazia. Tunasoma naye."

Sakafu haikupasuka. Niliisubiri.

"Marahaba," alisema baba mkwe. "Najua. Nikienda kliniki napita pale dukani. Huwa namwona dirishani, juu ya ngazi, na pini mdomoni."

Nikamuuliza, kwa sauti iliyotoka puani, kwa nini basi hakusema.

"Nilitaka kuona utatokaje," alisema. Na yule mzee, ambaye sijamwona akicheka tangu siku nilipoposa, akacheka. Zile nyuso zote nyuma yake zikabaki zimenuna.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemrudishia mama mkwe kitambaa cha redio. Kimefuliwa, hakina mdudu. Ameuliza kwa nini uzi umekuwa wa kahawia. Nikamwambia watu walianza kuichora mitungi kwenye vitambaa pale walipoacha kuteka maji kwa mitungi. Ametikisa kichwa taratibu, ameona nina elimu.

Nimepita pia kumpongeza Mpole, kwa kuwa mke wangu alinisindikiza hadi mlangoni kwake. Amesema mtungi wangu ulichorwa vizuri kuliko chochote darasani, na kwamba Mwalimu ana somo la jinsi ya kupanga marudio ya mchoro, nikalisome vizuri kabla sijachapa kingine. Amenong'ona kama kawaida yake. Nimemsamehe.

Baba mkwe ameomba kipande cha kile kitambaa. Amekitia kwenye fremu, amekitundika sebuleni. Jioni tulipokwenda kula tulimkuta shangazi wa mke wangu amesimama mbele ya fremu hiyo, analia. Amesema sasa amekubali kwamba nina kipaji. Anataka nimtolee marehemu mumewe kwenye jozi ya mashuka, na kwenye foronya, kama inawezekana, awe anatabasamu.

Mke wangu alinitazama. Baba mkwe aliweka kijiko chini, akakunja mikono, akatulia kama mtu aliyelipia kiti cha mbele.

Nikamwambia shangazi hiyo ni kazi ndogo. Nikamwambia pia huu ni ufundi wa ukoo wetu, na kwamba siri yake haitolewi nje.

Njiani kurudi mke wangu aliuliza nitaanzaje, ilhali marehemu simjui, picha sina, na zile nyuso za kwanza sikuziona hata nilipozichapa kwa mkono wangu.

Maswali ya mtu asiye fundi. Nimemwambia nitachora mtungi, halafu nitasubiri mzee atokee.