Makosa Kumi ya Shamba la Janga

Jumatatu, 7 Oktoba

Stellamaris ametoa tamko. Mke wangu ni muuguzi, na matamko yake hutolewa kama dozi: asubuhi, mchana na jioni. Amesema ekari yetu hapa Janga nimeichezea tangu nistaafu na sijaleta nyumbani hata muhogo mmoja wa kunywea chai. Ananipa hadi mwisho wa mwezi. Nikipata shule ya kuleta watoto shambani kila muhula, shamba ni langu. Nisipopata, anapewa Bi Biasha alime.

Bi Biasha! Jirani yetu huyo huyo! Kila Jumamosi basi la shule linasimama kwake. Hana kibao. Hana kitabu cha wageni. Ana jembe na mdomo, basi. Watoto wanapalilia, wanachuma kunde, wanakamua mbuzi, wanarudi mjini wamechafuka hadi masikioni, na walimu wanamshukuru! Mimi nimekaa masjala ya halmashauri miaka thelathini na moja. Najua elimu ni nini. Elimu ni vibao.

Nimekutana naye njiani jioni. Amenizidi miaka sita, kwa hiyo ikanibidi nimpe shikamoo. Akaitikia marahaba huku kabeba maboga mawili makubwa. Inauma sana.

Jumanne, 8 Oktoba

Barua imekwenda kwa shule moja ya mchepuo wa Kiingereza, Dar es Salaam. Ina kumbukumbu namba na YAH kwa herufi kubwa: mwaliko wa mafunzo kwa vitendo, Shamba Darasa la Mzee Leodegar, Jumamosi tarehe 12. Nakala nimemtumia Mwalimu Evaline wa Kisarawe, mlezi wa klabu ya kilimo ya shule ya msingi. Nimemtumia kwa sababu barua isiyo na nakala haina heshima. Simtaki aje. Watoto wa Kisarawe nitawafundisha nini? Wamekua na jembe mkononi. Nawataka wa mjini, wanaodhani muhogo unaota dukani.

Vibao kumi na viwili tayari. MUHOGO. MAHINDI. CHOROKO. KUKU. Kimoja nimeandika SHIMO, ili wasitumbukie.

Shida ni mazao yenyewe. Muhogo niliupanda mwaka jana kwa uangalifu mkubwa. Kila kipande cha mti nilikisimamisha macho yakitazama chini, kwa sababu mizizi iko chini. Jicho likitazama juu litaionaje njia? Shina na shina nilizipa nafasi ya nusu hatua, zikakaa vizuri kama mafaili kwenye rafu. Leo nimechimbua moja. Muhogo unalingana na kidole cha mtoto mchanga! Udongo wa huku una roho mbaya.

Mahindi nayo hayajachomoza, wiki ya tatu sasa. Nilichimba hadi kiwiko, nikafukia, ndege wasiyapate. Sijui wameyafikiaje.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wamekubali! Watoto arobaini, Jumamosi saa tatu asubuhi. Nimekwenda mwenyewe kwa Bi Biasha kumjulisha kwamba siku hiyo basi litapita kwake bila kusimama. Akasema Mungu abariki. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole inayokera, hao watoto watang'oa nini.

Nikamwambia asubiri aone.

Usiku mzima hilo swali halikuniacha. Watang'oa nini?

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepata jibu sokoni Mlandizi. Kiroba kizima cha mihogo, minene, mizuri. Nikaifikisha nyumbani nikaiosha mmoja mmoja kwa brashi, maana mgeni hapewi kitu kichafu. Saa kumi alasiri, Bi Biasha alipoingia ndani kuswali, nikaingia shambani na jembe. Kila shina nikalifukia mihogo mitatu chini yake. Nikasawazisha udongo kwa fagio. Huwezi kujua!

Kuku nimeazima kwa Jabiri wa bodaboda. Hawatagi, lakini nani atawauliza? Mayai nimenunua trei nzima. Watoto huvunja mayai, hilo najua, kwa hiyo nimeyachemsha yote kabla ya kuyapanga kwenye viota. Kuona mbali huko! Stellamaris akauliza mayai thelathini jikoni ya nini. Nikamwambia ni vifaa vya kufundishia. Akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyekataa sindano.

Jumamosi, 12 Oktoba

Balaa.

Saa mbili na nusu simu. Shule ya Dar haiji. Wazazi wamesikia kuna matope. Matope! Mvua za vuli hazijaanza hata tone! Nikakaa kwenye benchi la wageni. Nikaanza kuliona shamba langu limejaa maboga ya Bi Biasha.

Saa tatu kamili, honi. Basi limejaa watoto wanaoimba. Anashuka Mwalimu Evaline, anashukuru kwa nakala ya barua, na kwa jinsi nilivyowakumbuka watoto wa Kisarawe, ambao watu wa mashamba darasa huwa hawawakumbuki.

Wakasambaa. Dakika ya pili mtoto mmoja akasema kibao cha choroko kimesimama kwenye kunde. Nikasema upepo. Dakika ya tano wengine wamekwishafukua shimo la mahindi, mkono umezama hadi kiwiko, wanauliza mzee alikuwa anapanda mahindi au anazika. Halafu binti mmoja mwembamba, Yasmin, akashika shina la muhogo, akavuta. Shina likatoka peke yake. Akachimba kwa mikono. Ikatoka mihogo mitatu myeupe, imesuguliwa inang'aa, haijashikana na kitu. Mmoja una alama ya kisu cha muuzaji.

Kikapasuka kicheko ambacho bila shaka kilifika Ruvu.

Yasmin akaligeuza lile shina, akatangaza kwamba limepandwa kichwa chini, miguu juu, na ndiyo sababu limekonda. Wakakimbilia mengine. Yote kichwa chini! Wakashangilia kila walipopata lingine. Bandani mtoto akaangusha yai. Halikumwagika, likadunda. Akalimenya, akala, akauliza hawa kuku wanakula nini hata watage mayai yaliyoiva.

Bi Biasha alikuwa amesimama mpakani, kashika kiuno, kanga mdomoni. Mabega yanatikisika.

Niliomba ardhi ipasuke. Mwalimu Evaline akanijia, macho yanamtoka machozi ya kucheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema miaka kumi na moja anapeleka watoto mashambani, na kila mwenye shamba huwaonyesha yaliyo sawa tu, watoto wanapiga miayo. Hajapata kumwona mzee aliyejitolea kulipanda shamba zima kwa makosa ili watoto wayatafute wenyewe. Ni ubunifu wa hali ya juu, akasema.

Nikasema ndiyo, nilifikiria hivyo hivyo.

Jumapili, 13 Oktoba

Ujumbe wa Mwalimu Evaline. Watarudi Jumamosi tarehe 19, watoto sabini. Anaomba nitayarishe makosa mapya kumi, watoto wameyachoka ya zamani. Yakiwa mazuri kama ya kwanza, watakuja kila muhula!

Nimemsomea Stellamaris mara mbili. Akasema anaomba Mungu nisiguse kitu. Wivu tu, watu wa afya hawapendi kuona mwingine akifaulu.

Nimefurahi hadi nikampelekea Bi Biasha mihogo minne. Akaniuliza kama nataka anionyeshe jinsi ya kupanda. Nikamwambia asante, kupanda najua, sasa hivi nasomea makosa.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku tatu nimekosea bila kupumzika. Si kazi ndogo! Mtu aliyezoea kufanya mambo vizuri hupata taabu kuyaharibu. Kwa kuwa Mwalimu hakunipa orodha, nimechukua njia moja rahisi: kila kitu nafanya kinyume na nilivyozoea.

Nimeng'oa muhogo wote. Vipande vipya nimevipindua, macho juu, yatazame mawingu kama wapumbavu. Kati ya shina na shina hatua nzima, ovyo kabisa, nafasi inapotea bure. Mahindi nimeyafukia juu juu, urefu wa kidole tu, ndege wajipatie. Kibao cha choroko nimekitoa kwenye kunde, nikakisimamisha kwenye choroko. Kuku nimewarudisha kwa Jabiri, nikaazima wengine wachafu wasiopendeza, wanaingia na kutoka kwenye viota wakipiga kelele. Nimehesabu: makosa kumi na moja. La ziada ni zawadi.

Jioni mvua ikanyesha. Vizuri, itaharibu zaidi.

Bi Biasha alipita. Akasimama. Akaingia mwenyewe, akainama, akapapasa udongo kwenye mashina. Akaniambia, bila kucheka hata kidogo, kwamba tangu nihamie Janga leo ndiyo mara ya kwanza nimepanda kama mtu mwenye akili zake. Nimemwelewa. Ananivuruga ili nibadilishe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Watoto sabini, daftari mkononi, wamezunguka kwa muda wa saa moja na robo. Hawakupata kosa hata moja.

Nilizunguka nao! Nikawaonyesha kwa kidole! Nikawaambia tazameni macho ya muhogo yanatazama wapi. Yasmin akasema juu, sawasawa kabisa. Nikawaambia pimeni nafasi. Wakapima, wakatia alama ya vema. Mahindi wakafukua moja, limeanza kuota, na mistari imejipanga. Bandani yai lilianguka, likamwagika kama kawaida. Mtoto mmoja akapiga miayo.

Mwalimu Evaline alikuwa mpole. Akanipongeza, shamba limependeza. Ila, akasema, kwa shamba la kupendeza hapo jirani yupo Bi Biasha, ambaye ana mbuzi na choo cha wageni. Akanisainia kitabu cha wageni: Limenyooka. Basi likaondoka, likasimama kwa jirani. Nimewasikia wakiimba huko hadi adhuhuri.

Stellamaris alikwenda kwa Bi Biasha na kurudi, nikajua ekari imekwenda, na mwezi hata haujaisha. Nililia kidogo nyuma ya kibao cha SHIMO. Nayaandika haya kwa kuwa hii shajara hataisoma mtu.

Jumapili, 20 Oktoba

Bi Biasha amekuja sisi tulipotoka kanisani. Shamba anachukua yeye, msimu huu na ujao. Lakini mgongo haumruhusu kupanda ekari mbili, na watoto wa shule wanaharibu zaidi ya wanavyosaidia. Ananiomba mimi nimpandie. Nipande hivi hivi nilivyopanda wiki hii, akasisitiza, nisibadilishe hata kimoja. Mazao tutagawana, na kibao kimoja ataniruhusu.

Stellamaris akashukuru kwa niaba yangu. Akafuta machozi kabisa.

Nimekubali. Lakini nimekaa hapa nafikiri, na dhamiri inanisuta. Mama wa watu ananiamini, kwa umri wake, kisha nimjazie shamba makosa kumi na moja? Siwezi. Kwangu nilikosea kwa ajili ya elimu, kwake ni chakula. Kesho alfajiri, kabla hajaamka, nitaanza na muhogo wote. Nitaung'oa na kuupanda upya inavyotakiwa, macho chini, nusu hatua, kama mafaili. Akija atakuta nimemaliza.