Picha Anazotuma Osiako

Jumatatu, 9 Juni
Iwekwe wazi kwa vizazi vijavyo: leo, mbele ya wateja wawili na jogoo wa Mitchel, nimezindua Daraja. Programu niliyojifunza kuunda mwenyewe. Inavusha faili kutoka kompyuta yoyote hadi yoyote, ziwe za ukoo gani. Mitchel, mpiga chapa wa kibanda cha pili, bado anabeba flashi mfukoni kama ugoro. Akaniambia, Khaemba, wewe hata ugali unakupotea njiani kwenda mdomoni. Wivu.

Mteja wa kwanza: Mama Pascalia, mjane kutoka Shianda. Mumewe, Mzee Osiako, anazikwa Jumamosi. Picha pekee ya mzee akicheka imo kwenye kompyuta yake kuukuu. Mama anaitaka mbele ya kitabu cha mazishi. Nikamwambia ni kazi ya dakika. Nikaandaa na kompyuta yangu ya pili, ile ya rafuni nyuma yangu, isaidie.

Jumanne, 10 Juni
Picha inafika nusu, inakwama. Kompyuta ya mzee na yangu ni kama wake wenza jikoni. Nikaizima ya mzee. Hapo skrini yangu ikaandika: Osiako anaomba kukutumia picha.

Mama Pascalia akasema polepole, kubali mwanangu, marehemu hakataliwi.

Nikakubali. Kisogo cha mtu. Kina upara. Mama akakitazama sana, akasema huyo si mume wake, mzee alikufa na nywele zake zote.

Jumatano, 11 Juni
Nyingine. Kisogo kilekile. Shati langu.
Nikageuka. Rafu, vumbi, kompyuta. Hakuna mtu.
Mama alileta obusuma, ugali wa kwetu, na mguu wa ingokho, yaani kuku, akaviweka mbele ya skrini. Mzee ana njaa, alisema, ndiyo maana hatulii. Akaenda. Nikaona si vizuri chakula kipoe.

Alhamisi, 12 Juni
Picha ya jana, imechelewa kufika. Mimi, ubavuni, mguu wa kuku wa marehemu mdomoni.

Wakati huo nilikuwa nimeiwasha tena ya mzee, na picha yake ilikuwa inavuka, mara ya kwanza bila kukwama. Paji. Macho. Nikang'oa waya.

Ndipo nikakumbuka safari hii nilibonyeza hamisha, si nakili. Daraja hufuta nyuma kadiri linavyovuka. Kule hakuna kitu. Huku kuna macho tu.

Mama hakulia. Aliuliza kicheko kimekwenda wapi.

Jumamosi, 14 Juni
Tumemzika. Alicheka kwenye kila kitabu. Mama alikuwa amepitia kwa Mitchel kwanza, na Mitchel alipomwona anaelekea kwangu, akanakili picha upesi kwenye flashi.

Baadaye alikuja kibandani, akaelekeza kidole rafuni. Ni kweli: kila kazi ya matanga mimi huipa kompyuta ile jina la marehemu, nisichanganye. Kamera ya kompyuta hiyo niliiamuru ipige picha mara kadhaa kila siku na kunitumia, kujaribu Daraja. Nilisahau.

Kosa lilikuwa waya. Nimenunua mrefu zaidi.

Jumatatu, 16 Juni
Kazi mpya kutoka Mukumu, matanga ya Mama Jael. Nimekaa tu, skrini ikaandika: Jael anaomba kukutumia picha.

Naandika haya nikiwa kwa Mitchel, mlango umefungwa. Jogoo wake hanipepesii jicho.

Sasa nakumbuka: kompyuta ya rafuni niliiita Jael jana.