Vidole Viwili Vilivyozidi

Chumba cha Cherehani,
Jumamosi, baada ya kufagia.

Kwa Fundi Bisibisi,
Gereji ya Nyuma ya Kituo cha Mafuta.

Mwanangu Fundi,

YAH: GARI LA MWALIMU KUSHUSHWA KUPITA HESHIMA YAKE

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umenawa mikono, maana karatasi ni nyeupe na ningependa ibaki hivyo angalau mpaka ufike namba tatu. Mimi ni mke wa mwalimu wako wa hesabu, yule aliyekufundisha darasa la nne kwamba vidole ni vya kuhesabia na si vya kunyonya. Mimi pia ni fundi, wa nguo. Kwa hiyo nakuandikia kama mama na kama fundi mwenzako, na nitajitahidi hasira ya mmoja isimwingilie mwingine.

Unajua kwamba mwalimu alipostaafu alinunua gari la spoti la viti viwili, jekundu, lililokwisha kuchosha wenyewe wawili kabla yake. Nilinyamaza. Wanaume wengine wakistaafu hufanya makubwa zaidi ya hayo. Malalamiko yangu yanaanzia pale alipoamua kulishusha likae karibu na ardhi, na nayapanga kwa namba ili usipate pa kujificha.

1. Uchaguzi. Kwa miezi mitatu nyumba hii haikuwa na mazungumzo mengine. Asubuhi springi, jioni shokapu. Nimeelimishwa bila kuomba. Sasa najua kwamba springi fupi ukiifungia shokapu ya zamani, shokapu inajichokea mapema kwa sababu haikuumbwa kuishi imejikunja. Najua springi ngumu mno inakurusha kichwa mpaka darini, na laini mno inayumba kwenye kona. Mwalimu alizikagua picha za springi kama mzazi anayechagua mkwe. Hii ina nguvu lakini haina adabu. Ile ni pole lakini haitadumu. Binti yetu alipoposwa, baba huyuhuyu aliuliza maswali mawili tu, na moja lilikuwa kuhusu mpira.

Mwishowe akachagua seti ya gari la barabarani, si la mashindano, ile ambayo springi inakaa juu ya shokapu yenye ringi ya kuzungusha kwa spana: ukitaka gari lishuke linashuka, likizidi unalipandisha. Nilimpongeza sana. Hapo tulipofika ningempongeza hata angechagua godoro.

2. Vipimo. Kati ya tairi na madigadi palikuwa na nafasi ya vidole vitano. Mwalimu alikuandikia kwa mkono wake, shusha viwili, vibaki vitatu. Gari liliporudi nilipima mwenyewe. Kiliingia kidole kimoja, tena changu cha mwisho, tena kwa kubembeleza. Maana yake ulishusha vinne. Katika kazi yangu, Fundi, vidole viwili ndiyo tofauti kati ya gauni la kwendea harusini na gauni la kufukuziwa harusini. Mteja wangu akisema viwili, mimi sifanyi vinne halafu nikamwambia atazoea.

3. Tuta lililo mbele ya duka la dawa. Gari linalivaa kwa tumbo, na sauti inayotoka hapo inaumiza meno. Dawa aliyoigundua mwalimu ni mimi kushuka. Nashuka, navuka tuta kwa miguu na mkoba wangu, yeye anavuka polepole na gari lake, kisha napanda tena upande wa pili. Watu wanaotuona kila siku wanaamini tunagombana mahali palepale, saa ileile, na kupatana baada ya hatua kumi. Jirani yangu amekuja kunipa pole ya ndoa. Muuza dawa ameniuliza kwa upole kama nalala usingizi mzuri.

4. Kuingia na kutoka. Kuingia si tatizo, unajiachia tu na Mungu anakupokea. Kutoka ndiko kwenye kazi. Natoa mguu mmoja, naupumzisha, natoa wa pili, kisha naweka kiganja chini kama mtu aliyeangusha hereni. Jumatatu nilitoka hivyo mbele ya benki, na mshono wa gauni langu ukafunguka kuanzia hapa mpaka pale. Gauni nililolishona mwenyewe! Walinzi waligeuka kutazama ukuta, nawashukuru kwa malezi yao, lakini wateja wangu wawili waliokuwa kwenye foleni hawakugeuka.

5. Hili ndilo linaloniuma, na hapa sitanii. Mwalimu ameacha kuendesha. Leo siku ya tatu gari liko uani chini ya turubai. Nilimwambia alirudishe kwako, kazi ya spana na dakika chache, mambo yaishe. Amekataa katakata. Anasema mwanafunzi aliyeandikiwa viwili akafanya vinne hana kosa, kosa ni la aliyemfundisha kuhesabu. Amefundisha miaka thelathini na nne, Fundi. Sasa ameshusha madaftari yake ya maandalio kutoka juu ya kabati, anapekua siku baada ya siku akitafuta ni wapi alikufundisha vibaya. Jana alikuwa amefika mwezi wa tatu. Chakula anakichokonoa tu. Mtu huyu aliota gari hili tangu hatujaoana, na amelipata, na halitazami. Naumia sana kumwona hivyo, na nikishaumia nakukasirikia wewe.

6. Maombi yangu. Kwa kuwa mwalimu hataki gari lipandishwe, nimefikiri kwa kina na nimeona haki ni wewe ushushe vilivyobaki, ili vilingane. Uanze na tuta. Ufuate kizingiti cha geti letu, kisha ukingo wa barabara kuanzia kwetu hadi benki. Ukimaliza hapo uingie ndani ushushe kitanda, viti na meza ya cherehani, nizoee kuishi huko chini. Mawingu nayo ningependa yasogee kidogo, kwa sababu kutokea kwenye kile kiti yanaonekana mbali mno na yananipa unyonge. Wa mwisho ni mimi mwenyewe. Nipunguze vidole viwili. Ukianzia kiunoni sitagombana.

Ukiona kazi hizi ni nyingi kwa fundi mmoja, basi njoo na spana wakati mwalimu amelala mchana, uzungushe zile ringi, nami nitajifanya sijaona.

Nategemea jibu lako ndani ya siku saba. Nisalimie mkeo na pacha wenu. Nisalimie fundi wa rangi, fundi wa umeme, na yule anayekaa chini ya lori siku zote, ambaye naijua miguu yake tu. Wote waambie wazidi kupima vizuri.

Ni mimi mwenye uchungu lakini mwenye adabu,

Mke wa Mwalimu,
Fundi wa Nguo.

Tanbihi: Fundi, usiijibu barua hii.

Nilikuwa nimekwisha kutia saini akaja mteja wangu mrefu kuchukua gauni lake. Amelivaa, magoti yote nje. Nikampigia simu kwa ukali fundi wangu wa pindo, anayenishonea kutoka nyumbani kwake: si ulinipigia Ijumaa ya wiki iliyopita ukauliza, nikakwambia ushushe pindo la gauni vidole vinne? Akaapa kwamba Ijumaa alikuwa msibani na simu hakuigusa. Nikafungua simu yangu kutazama nani alinipigia saa ile. Namba ni yako.

Sasa yote nayakumbuka. Nilikuwa na pini sita mdomoni na cherehani inakimbia. Sauti ikasema, "Shikamoo mama, fundi hapa. Ile karatasi ya vipimo imemwagikiwa oili, na mwalimu hapatikani. Tushushe vidole vingapi?" Oili na kwetu ipo, mwanangu, ya cherehani. Nikakujibu kwa hasira, "Shusha vinne! Mwenyewe hataki magoti yaonekane." Ukasema, "Sawa mama, magoti hayataonekana." Na kweli, matairi ya gari lile leo yamejistiri kuliko mteja wangu.

Mwalimu alinisimulia kwamba alipokuuliza kwa nini vinne, uliinamisha kichwa ukasema, "Nimekosea, mwalimu." Hukunitaja. Wiki nzima umemwachia mwalimu wako aamini kwamba hujui kuhesabu, ili mimi nisiaibike nyumbani kwangu, nami nimekuandikia kurasa tatu za kukusema. Nimeona aibu sana. Nisamehe, mwanangu.

Ningeweza kuichana barua hii, na mkono ulishaanza. Badala yake nimempa mwalimu aisome yote. Namba moja mpaka sita alizisoma amesimama. Tanbihi aliisoma amekaa, kisha akairudia. Alirudisha madaftari juu ya kabati, akaenda uani, nikasikia turubai likianguka. Aliporudi kuchukua ufunguo aliniomba barua hii, kwa kuwa atakuletea mwenyewe, na kabla ya kuikunja ameandika hapa chini kwa kalamu nyekundu:

Fundi: hesabu, sahihi.
Mke wangu: kusikiliza, arudie.
Mwalimu: hakukosea.

Huo mstari wa mwisho ameupigia mstari mara mbili.