Simu Zangu Tano Zipewe Ndoo Yao

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Baraza la Kisiwa.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAOMBI YA NDOO YA TATU

Natumaini barua hii inakukuta salama huko mjini Funafuti, na umeoga. Mimi sijaoga kwa siku tisa, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

1. Tangu ukame uanze, Baraza limetupa ndoo mbili kwa kila nyumba kwa siku. Sisi tuko sita na hatukunung'unika. Lakini binti yangu Silafaga alirudi kutoka semina ya vijana kanisani na habari kwamba video za simu hutunzwa ng'ambo, kwenye majumba ya mashine zinazochemka, na mashine hizo hupozwa kwa maji. Sibishi. Kinachonishangaza ni kwamba maji hayo ameamua yatoke kwenye tangi letu.

2. Kila mtu akitazama video, Silafaga anachora mstari wa mkaa kwenye tangi na kumpunguzia maji. Mimi ni mtazamaji wa wastani: raga kidogo, na wale jamaa wanaovua jodari. Juzi nilishika taulo, akanizuia mlangoni kwa adabu zote: "Baba, yule jodari wa jana kakunywa kopo lako zima. Leo jipanguse tu."

3. Jumamosi kuna fatele, ngoma yetu ya jadi, ukumbini. Tangu tukiwa watoto, hukaa bega kwa bega na binamu yangu Penitusi kwenye lile sanduku la mbao tunalolipiga kama ngoma. Jana aliniomba, akitazama pembeni, eti mwaka huu nikae upande wa baharini, upepo unakokwenda. Ndugu Mwenyekiti, iliniuma.

4. Vijana wenyewe hawakatwi hata tone, kwa kuwa video zao ni za kuhimiza watu kutunza maji. Silafaga amemrekodi mama yangu, Bibi Fialua, akifunga bomba la tangi mara kumi na tisa, mpaka tabasamu likae sawa. Na ili bomba lifungwe, sharti kwanza lifunguliwe.

5. Basi nimekaa nikafikiri. Kama simu inakunywa maji, simu ni mkazi. Nyumbani kwangu zipo tano, kwa hiyo tuko kumi na mmoja, na naomba zipewe ndoo yao. Utaniambia kila mkazi hufanya kazi za pamoja Jumatatu kwenye mashimo ya pulaka, yale magimbi yetu. Hazitakosa kufika hata siku moja, maana vijana hawaendi popote bila hizo. Utaniambia pia mkazi huchangia chakula cha karamu. Hapo naomba zisamehewe kama wasamehewavyo watoto wachanga, kwani nazo hulala na mama zao na hulia zikiwa na njaa. Moja imepasuka uso na hali yake si nzuri. Ikifariki, majirani wasijisumbue kuleta samaki wengi. Kura sizidai. Mimi si mtu wa makuu.

Nakuomba ujibu kabla ya Jumamosi, hata kwa ndoo nusu.

Mkeo msalimie sana, na wanao, na wajumbe wote wa Baraza. Bibi Fialua anakusalimu, ila amechoka kutabasamu.

Wako mtiifu,
Paitela Fakaua

Tanbihi: Kwa kuwa meli haiji mpaka wiki ijayo, barua hii nimeipiga picha nikutumie kwa simu. Picha zilitoka na ukungu, nikarudia mara kumi na moja. Kisha nikaona mwandiko wangu hausomeki, nikajirekodi nikiisoma kwa sauti. Jogoo akaniharibia mara sita. Nimewatumia wajumbe wote, wapwa zangu wa Auckland, na kwaya. Wameipenda, wanaisambaza. Silafaga ametoka sasa hivi na mkaa mkononi, amelitazama tangi juu mpaka chini, akanirudia kwa huruma. Anasema mistari haina tena pa kukaa, na kwamba ndoo ya tatu, ukiitoa, nimeshainywa.